Mwaka Niliosoma na Mtu wa Nyumba ya Mbele

Niliporudi ndani kutoka uani, mtoto bado anacheua begani, nilikuta skrini ya kisomeo changu, kile kibao cha kusomea vitabu, inaniuliza nichague lugha. Ndivyo kinavyouliza kikiwa kipya, kabla hakijawa cha mtu. Festo, msimamizi wa chumba cha kompyuta cha kata, alikuwa amekishika kwa vidole viwili kama mtu aliyetoka kuosha sahani. Akaniambia kilikuwa kimejaa uchafu, ndiyo maana faili langu lilikataa kufunguka, sasa amekisafisha na kitakuwa chepesi. Nikamuuliza vitabu viko wapi. Akasema amefuta vyote. Nikamuuliza, na yale maandishi yaliyokuwa ndani ya vitabu? Akasema maandishi gani tena, kitabu gani hakina maandishi. Wanafunzi wawili waliokaa kwenye kompyuta ya dirishani wakacheka. Ndipo akatamka neno ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata joto.

"Si vilikuwa vya bure, dada? Pakua tena."

Sikupiga kelele. Nusu saa kabla ya hapo alikuwa amenitoa nje, kwenye mvua, kwa sababu mtoto alitaka kunyonya na yeye akasema hapa si kliniki. Nilisimama chini ya kipande cha bati nje ya choo, namnyonyesha mwanangu nikiwa nimeupa mgongo ukuta, na wakati huohuo yeye ndani anabonyeza vitufe ambavyo ningekuwepo nisingemruhusu avibonyeze. Basi nilimwambia ainuke. Akainuka, nadhani kwa mshangao tu. Nikakaa kwenye kiti chake chenye magurudumu, nikafungua kifua, nikamnyonyesha Lusajo mbele ya kompyuta zote, na mtoto mwenyewe hata njaa hakuwa nayo tena. Nikakaa hivyo mpaka saa ya kufunga. Wanafunzi waliacha kucheka, wakawa wanaangalia skrini zao kama watu wanaosali. Festo alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni.

Miaka mitano imepita. Wiki iliyopita nilikutana naye Tukuyu mjini, siku hizi anauza makava ya simu kwenye meza ya barabarani, akaniita kwa sauti, "Mama Vitabu!" akawaeleza wenzake kwamba huyu dada alimshitaki kwa sababu ya vitabu vya bure. Wakacheka, nami nikacheka, maana mtu ukiwa na mfuko wa viazi mkononi na mtoto anavuta sketi huwezi kueleza mwaka mzima pale barabarani. Nilifika nyumbani nikiwa na hasira kama ya siku ile. Kwa hiyo naueleza hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mume wangu alikuwa Chunya, migodini, mahali ambapo simu ilipatikana akipanda kilima, na alipanda kilima mara chache. Mimi nililelewa Bulyaga, mtaa wa mjini, nyumba zimebanana, ukikohoa jirani anakwambia pole. Nikapelekwa kuishi kwa wakwe, juu kabisa, ambako mashamba ya chai yanaishia na migomba inaanza. Boma lilikuwa na nyumba mbili. Nyumba ya mbele ya matofali ilitazama bonde, wakwe walilala humo. Nyumba yangu ilikuwa nyuma, chumba kimoja na jiko, imezungukwa na migomba pande tatu. Mvua ikianza kwenye majani yale huwezi kusikia hata redio. Kulikuwa na siku, hasa miezi ya baridi, ukungu unashuka tangu asubuhi na hauondoki, na mimi sizungumzi na mtu mwenye meno kuanzia chai ya asubuhi mpaka chai ya asubuhi. Nilikuwa namsimulia Lusajo habari za sufuria.

Lazima nieleze jambo la mkwe, maana wasomaji wa mbali hawatalielewa. Kwa desturi ya Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Familia nyingi siku hizi wamelegeza, utakuta mkamwana anapita mbali kidogo, anainamisha kichwa, basi. Kwa wakwe zangu haikulegezwa. Sikutakiwa kuingia chumba alichomo, wala kukaa kwenye kiti alichokalia, wala kugusa kikombe chake, naye hakutakiwa kugusa kitu changu. Akitoka kwenda shamba alikohoa kwanza, nami najiingiza kati ya migomba mpaka nyayo zipite. Nilimjua kwa kikohozi chake na buti zake. Nilimpikia mwaka mzima, mbalaga, zile ndizi za kupika, na maharage, magimbi, maziwa ya mgando kwenye kibuyu, chakula kinabebwa na mama mkwe, vyombo vinarudi vimeoshwa. Hakuna aliyenionea. Ndivyo ilivyokuwa tu, na mama mkwe mwenyewe aliishi hivyohivyo enzi zake. Tatizo ni kwamba mtandao wa simu ulikamata sehemu moja tu katika boma lile, ukingoni mwa uwanja, mbele kabisa ya kibaraza cha baba mkwe.

Kisomeo nilikuwa nacho tangu shule. Mwalimu mmoja wa Kiingereza aliyekuwa anahama aliniachia, cha zamani, skrini ya kijivu kama karatasi ya gazeti, chini kina vitufe vidogo vya herufi. Chaji yake inakaa wiki mbili. Mama mkwe alikiita kibao. Mwenye simu nzuri anasoma kwenye simu, lakini simu yangu ilikuwa na ufa katikati na betri yake ilikuwa ya kuombea. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa nilimbeba Lusajo mgongoni, saa nzima kwa miguu, kwenda kwenye chumba cha kompyuta cha kata ambako mradi fulani ulikuwa umeweka mtandao wa bure kwa wananchi wote. Wananchi wote, imeandikwa kwenye kibao cha mlangoni.

Huko nilijifundisha mwenyewe. Nilitaka hadithi za kisayansi, za vyombo vya angani na sayari za mbali, na nilitaka za bure kwa sababu hakukuwa na za namna nyingine kwangu. Nilijifunza kwamba vitabu vya zamani sana haki zake zimekwisha na kuna watu wamevikusanya mahali pamoja, safi, bila kukuuliza chochote. Nilijifunza kwamba kuna majarida yanaweka hadithi mpya wazi kila mwezi. Nilijifunza pia mitego yake: ukurasa una kitufe kikubwa cha kijani kinachokuita upakue, ukikibonyeza unaletewa tangazo la kamari, na kitufe cha kweli ni maneno madogo ya bluu chini kabisa, yamejificha kama mkamwana. Mara ya kwanza nilitembea saa nzima kurudi nyumbani na faili kumi na nne, kisomeo kikakataa zote, kwa kuwa zilikuwa za aina kisiyoisoma. Nililia, nasema kweli. Ijumaa iliyofuata nikajifunza kuzigeuza. Kufikia Pasaka nilikuwa na vitabu zaidi ya mia moja.

Watu huniuliza kwa nini hizo, kwa nini si za mapenzi. Sijui. Za mapenzi zilikuwa na watu wengi mno, kila mtu ana mtu. Hizi nilizozipenda zilikuwa na mwanamke peke yake ndani ya chombo, anahesabu mimea yake, anazungumza na mashine, nje giza. Nilikuwa nazielewa hata pale Kiingereza kiliponishinda. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kamusi yenye kurasa zilizoliwa na panya kuanzia herufi S, kwa hiyo neno nisilolijua nililipigia mstari kwenye kisomeo, nikaendelea mbele.

Umeme wa boma ulitoka kwenye sola iliyokuwa juu ya bati la nyumba ya mbele, betri yake chumbani kwa baba mkwe. Kila Jumapili baada ya ibada mama mkwe alikichukua kisomeo kwenda kukichaji, jioni yake au kesho yake ananirudishia. Mwezi wa tatu nikaanza kuona vitu. Kitabu nilichokiacha katikati nakikuta kimesogea mbele kurasa thelathini. Nikadhani kinaharibika. Kisha Jumapili moja nikafungua, nikakuta neno nililolipigia mstari lina alama ndogo pembeni, nikaibonyeza, yakatokea maandishi: "Bodi la nje. Kama la lori la majani ya chai." Nikaangalia neno jingine. "Kukosa uzito. Kitu hakishushi mizani." Maneno yote niliyoyapigia mstari, tisa, yalikuwa yamejibiwa kwa Kiswahili.

Nilikasirika. Ndiyo, kitu cha kwanza kilikuwa hasira, maana kile kilikuwa kitu changu pekee ambacho hakikuwa na harufu ya maziwa. Nikaenda jikoni kwa mama mkwe, nikamuuliza nani anachezea kibao changu. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho. Akasema labda ni umeme wa jua, huwa unaingia na vitu vyake. Nikamwambia, mama, umeme hauandiki. Akasema yeye hakusoma, hajui umeme unaweza nini.

Nilipata jibu wiki ileile, bila kulitafuta. Nilikuwa nimepeleka kuni nyuma ya nyumba ya mbele, mvua ikanikamata, nikajibanza chini ya paa karibu na dirisha. Ndani baba mkwe alikuwa anamsimulia mkewe, kwa Kinyakyusa, taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwanawe. Alikuwa anamweleza kuhusu watu waliozaliwa ndani ya nyumba ya chuma inayosafiri, babu zao walizaliwa humo, wajukuu wao watafia humo, hawajawahi kukanyaga udongo. Hicho kilikuwa kitabu changu. Nilikuwa nimeishia sura ya saba.

Mama mkwe akauliza, "Sasa ndizi wanapanda wapi?"

"Hawapandi. Wanakula vidonge."

"Basi hao watakufa tu," akasema. "Usiniendelezee."

Mzee akaendelea, na mama mkwe akasikiliza. Nilisimama pale mpaka mgongo wote ukalowa. Ndipo nikakumbuka kwamba mzee yule alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha chai kwa miaka mingi, vitabu vya kiwanda vyote vya Kiingereza, na tangu astaafu hakuna aliyemletea cha kusoma zaidi ya kalenda ya kanisa.

Sikusema kitu. Naye hakusema, angesemaje? Kugusa kibao changu kulikuwa kosa, na kuniandikia kulikuwa kosa jingine lisilo hata na jina. Lakini kuanzia hapo nilianza kupiga mstari hata maneno niliyoyajua. Nilipiga mstari sentensi nzima nilizoziona nzuri, zikarudi na maandishi: "Kweli kabisa." Au: "Huyu ana kiburi, subiri." Mara moja nilipiga mstari mahali mwanamke wa chombo anasema kwamba amesahau sauti ya binadamu, na jibu lake nililikuta Jumatatu, na sitalinakili hapa. Maneno sita. Baada ya mwezi wa tano akaanza kuagiza. "Hiki hakina mwisho. Ipo sehemu ya pili." Kile cha nyumba ya chuma kilikuwa sehemu ya kwanza tu, nilikipakua bila kujua, kinaishia pale wanapofungua mlango.

Nilitafuta sehemu ya pili kila Jumanne na Ijumaa. Festo alikuwa amekwisha kunizoea vibaya. Alinipa kompyuta ya mwisho, yenye kitufe cha nafasi kilichokwama, na mtoto akilia aliwaambia wanafunzi kwa sauti wasamehe, leo tuna kliniki. Shangazi wa mume wangu alikuja kutoka Nkunga kututembelea, nikamsikia kupitia ukuta akimwambia mama mkwe, mkamwana wenu anasoma kibao mpaka ndizi zinaungua, atawaletea wazimu ndani ya nyumba. Ni kweli niliunguza sufuria moja. Mama mkwe akamjibu kwamba ndizi za kuungua zina ladha. Nyumba ya mbele nikasikia kikohozi, kirefu kuliko cha kawaida, na sikujua kama ni kicheko au ni kifua.

Kilikuwa kifua. Kilimchukua mwezi wa saba, baridi kali, siku nne tu. Msibani nilikaa jikoni na wanawake wa kupika, kama ilivyotakiwa. Uso wake niliuona mara ya kwanza kwenye picha iliyobebwa mbele ya jeneza. Alikuwa na masikio makubwa, kama ya mume wangu, kama ya Lusajo. Watu walikuwa wengi, boma lote limejaa, moto mkubwa, masufuria ya kukodi, na sijawahi kuwa peke yangu kama siku zile tatu, kwa sababu kila aliyenipa pole alinipa pole ya mkamwana, ile ndogo, ya mtu ambaye hakumjua marehemu. Nami ningesema nini? Baada ya watu kuondoka nilijifungia na kisomeo, nikapitia kitabu kimoja kimoja. Alikuwa ameniandikia mahali zaidi ya mia mbili. Hakuna mtu mwingine aliyezungumza nami kiasi hicho mwaka ule, na mume wangu nikimweka hapo.

Wiki ya tatu nikaipata sehemu ya pili. Ilikuwa kwenye ukurasa wa jarida la zamani, imekatwa vipande, nikaviunganisha. Nilitaka kukimaliza kile kitabu, basi. Faili likakataa kufunguka kwenye kisomeo. Mtoto akalia. Festo akasema toka nje na huyo, mimi nitakurekebishia.

Nilipofika nyumbani jioni ile nikamwambia mama mkwe kwamba nakwenda kumshitaki Festo kwa mtendaji wa kata. Akaniuliza nitasema nimeibiwa nini. Nikasema maandishi. Akaendelea kupuliza moto, kisha akaniambia kwa sauti ya chini nisifanye hivyo. Mzee amelala siku ishirini tu. Ukiandika kwamba alikuwa anashika kitu cha mkamwana wake na kumwandikia, watu watasema nini? Watamtoa kaburini kwa midomo. Nikaona ana haki, na nikaona pia kwamba nikisema ni vitabu tu, Festo ameshinda, kwa sababu vitabu kweli vilikuwa vya bure, na ningeweza kuvipakua vyote tena kwa mwezi mmoja. Nilikasirika. Nikamwambia, mama, basi ndiyo imekwisha, alikuwepo na hakuwepo. Nikaenda kulala bila kula.

Siku mbili hatukuzungumza. Siku ya tatu, asubuhi, mvua haijaanza, alikuja nyumba ya nyuma na kalamu ya marehemu, ile ya kiwandani yenye kifuniko cha shaba. Akaiweka juu ya meza, akakaa kwenye kigoda.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakibeba," akasema. "Kila Jumapili. Nilijua anakisoma, mimi ndiye niliyempelekea mara ya kwanza, kwa sababu alikuwa anakaa tu. Kama ni kosa, niandike mimi."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Akasema niandike kabla hajabadili mawazo, na niandike vizuri, mzee hakupenda maandishi ya kulala. Niliandika, nikamsomea, akanisahihisha mahali pawili. Kisha tukaenda wote wawili kwa miguu, Lusajo mgongoni kwake. Karani wa ofisi alituuliza thamani ya mali iliyopotea, maana fomu ina kisanduku chake. Nikamwambia aache wazi, asome barua. Hii ndiyo barua yenyewe. Nimeondoa majina ya watu na ya kata, mengine yote ni kama ilivyopigwa muhuri siku ile.

Kwa Ofisa Mtendaji wa Kata.

Yah: Malalamiko dhidi ya msimamizi wa chumba cha kompyuta.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kata hii na mama wa mtoto mmoja. Siku ya Ijumaa iliyopita, msimamizi alinitoa nje ya chumba kwa sababu nilitaka kumnyonyesha mtoto. Chumba hicho ni cha wananchi wote. Nikiwa nje kwenye mvua, alichukua kisomeo changu na kufuta kila kitu kilichokuwamo bila kuniuliza.

Anasema vitabu vilikuwa vya bure. Ni kweli, vitabu vilikuwa vya bure na sivilalamikii. Nalalamikia maandishi yaliyokuwa ndani yake. Maandishi hayo yaliandikwa na baba mkwe wangu, ambaye amefariki mwezi uliopita. Alikuwa ananifundisha maneno ya Kiingereza na kuniambia anavyofikiri. Hatukuwahi kuonana wala kuzungumza, kwa kuwa sisi tunafuata desturi. Hakuna nakala nyingine. Shahidi ni mama mkwe wangu, aliyekuwa akikipeleka na kukirudisha kisomeo, naye ameweka dole gumba hapa chini kwa hiari yake. Mtu yeyote akiwa na la kusema juu ya marehemu, aje amwambie yeye, yupo nyumbani kila siku.

Sidai fedha. Naomba mambo mawili. La kwanza, tangazo libandikwe mlangoni kwamba mama mwenye mtoto anaruhusiwa kukaa ndani na kunyonyesha. La pili, msimamizi aandike kwa mkono wake alichokifuta na kwamba hakuuliza.

Naomba nijibiwe kwa maandishi. Majibu ya mdomo sitayapokea.